Mafundi wa Steringi

Muvi za mapigano ziliingia Mbinga kwa jenereta. Kabla gridi ya Taifa haijafika Songea mwaka 2018 kwa njia ya Makambako, umeme wa mji ulitoka kwenye mashine za dizeli, na ulipokatika mwenye kibanda aliburuta jenereta yake nje, akaivuta kamba mara mbili tatu, watu wakashangilia. Kibanda umiza kilikuwa na mabenchi ya mbao, maturubai ya kuzuia mwanga, televisheni juu ya meza, na ubao wa chaki mlangoni. Jina la muvi liliandikwa kwa herufi ndogo. Mteja hakulijali. Aliuliza: steringi nani? Akiambiwa Jet Li au Schwarzenegger, alitoa kiingilio. Kahawa ikishauzwa, mabenchi hayakutosha na vijana walikaa chini, wenye gumboti zenye udongo wa milimani.

Waliokuwa wakizungumza humo ndani ni wawili. Kwenye kioo kulikuwa na steringi, na juu ya steringi kulikuwa na sauti ya Mtanzania akimsemea. Huyo wa pili ndiye ninayetaka kumtazama kwanza, kwa sababu kazi yake huchukuliwa kuwa ni kelele tu, nami nimeisikiliza kwa miaka mingi kwa heshima inayozidi kuongezeka.

Jina kubwa katika kazi hiyo ni Kapteni Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu. Kenya wana DJ Afro. Uganda wanawaita wasimuliaji hao VJ, na Kampala ina majina mengi ya aina hiyo. Wote wanafanya kazi moja yenye ugumu uleule: kumpa mtazamaji muvi ya lugha asiyoijua, wakati picha inaendelea kukimbia.

Watu husema wanatafsiri. Ni kweli, lakini tafsiri ni sehemu ndogo. Chukua muvi ya Hong Kong yenye Kikantoni mdomoni na Kiingereza chini ya kioo. Msimuliaji anasoma, anapunguza, anasema, na picha haimsubiri. Mhusika anatumia sekunde tatu kumtukana adui yake. Kwa Kiswahili tusi hilohilo, likisemwa likaeleweka na likauma, linataka sekunde tano. Hizo mbili zinatoka wapi? Fundi anazichukua kwenye ukimya uliotangulia. Anaanza kusema kabla mhusika hajafungua mdomo, maana ameshaitazama muvi mara kadhaa na anajua kinachokuja. Mtu akifungua mdomo kwenye kioo, nusu ya maneno yake yameshatua kibandani, na sauti inaishia pale pale mdomo unapofungwa. Ukiwa umekaa kwenye benchi huoni lolote limefanyika. Unaona Mchina anaongea Kiswahili cha Temeke.

Ugumu mwingine uko kwenye kunyamaza. Steringi anapanda ngazi gizani kwenda kulipiza kisasi. Msimuliaji mchanga ataeleza kila kidato: sasa anapanda, sasa anageuka, sasa anasikiliza. Mabenchi yanaona yote hayo, hayahitaji kuambiwa. Mkongwe anasema jambo moja, kwamba walioko ghorofani ndio waliomuua kaka yake, kisha anatulia mpaka teke la kwanza. Anakupa sababu na kukuachia macho yako. Nimewahi kuwasikia wazee ambao hawakusoma shule yoyote ya filamu wakigombana kuhusu jambo hilihili, nani anajua kutulia na nani anaharibu, kwa umakini ambao ningependa kuuona kwenye kurasa zetu za uhakiki.

Nimeanza na msimuliaji kwa sababu kutoka kwake kuna njia ya moja kwa moja hadi Wakaliga, mtaa wa hali ya chini pembeni ya Kampala, kwa mtu anayeitwa Isaac Nabwana. Utotoni hakuwa akienda sinema. Kaka zake walikwenda, wakarudi nyumbani na kumsimulia: fulani alirukaje, alipigwaje, aliponaje. Bruce Lee, Chuck Norris, Bud Spencer na Terence Hill walimfikia kwa masikio kabla hajawaona. Kila nikizitazama kazi zake nakumbuka hilo. Mtoto aliyesimuliwa pigano hulazimika kulipanga mwenyewe kichwani: adui anasimama wapi, mlango uko upande gani, nani anaanguka kwanza. Hayo ni mazoezi ya mwongozaji, aliyapata bila kushika kamera.

Alipokuwa mtu mzima alifyatua matofali, na fedha ya matofali ndiyo iliyompeleka kwenye kompyuta. Uhariri na ufundi wa picha za kompyuta alijifundisha mwenyewe. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina lililoungwa kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Yeye na mkewe Harriet waliifanya nyumba yao kuwa studio, na ulimwengu ukaja kuiita Wakaliwood.

Fundi wa vifaa pale ni Dauda Bisaso, na hapa naomba msomaji atulie nami. Bunduki ya rashasha ya Wakaliwood ni vyuma chakavu vilivyochomelewa. Inabidi iwe nzito kiasi, kwa sababu mwigizaji aliyebeba kitu chepesi hujulikana mabegani. Mikono inapaa, kiuno hakifanyi kazi. Ikiwa na uzito wake, mwili unaelekea mbele wenyewe na mkono unatetemeka bila kufundishwa. Moto wa mdomo wa bunduki na maganda yanayoruka huongezwa baadaye kwenye kompyuta, kwa hiyo mwigizaji anapaswa kutikisika kwa mdundo ambao mhariri ataweza kuufuata. Fundi wa chuma, mwigizaji na mhariri wanafanya kazi moja kwa zamu, na mmoja akikosea mdundo risasi zinaonekana kutoka mahali pasipo bunduki. Bisaso na wenzake walitengeneza pia helikopta nzima kwa vyuma hivyohivyo. Hairuki. Inakaliwa, inashukwa kwa kuruka, inapigwa picha kutoka chini, na kompyuta ndiyo inayoipeleka angani.

Damu nayo ina historia. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe, mpaka mwigizaji mmoja alipougua ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Wakahamia kwenye rangi ya chakula. Hutiwa ndani ya kondomu, ikafichwa chini ya shati na kufungwa uzi wa kuvulia samaki. Risasi "inapompata" mtu, uzi unavutwa na shati linalowa papo hapo. Mvutaji yuko nje ya fremu. Akivuta mapema mwigizaji anatoka damu kabla hajapigwa, akichelewa anaanguka mkavu. Shati ni moja. Sasa mhesabu mvutaji wa uzi kati ya mafundi, maana jina lake halitaandikwa kwa herufi kubwa popote.

Muvi iliyowatangaza, Who Killed Captain Alex?, ilipigwa mwaka 2010 kwa gharama iliyotajwa kuwa chini ya dola 200. Ina makomando, ina genge la majambazi, ina mpiganaji wa kung fu anayeigizwa na Bruce U, ambaye huwafundisha pia watoto wa mtaa, na ina helikopta inayoshambulia Kampala. Trela yake ilitazamwa na mamilioni ya watu duniani. Kompyuta za Nabwana zilikuwa za kuungaunga, zenye nafasi ndogo na umeme usiotabirika, na kazi moja ikimalizika ilibidi ifutwe ipishe nyingine. Ndiyo maana nakala ya muvi hiyo isiyo na msimuliaji haipo tena. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akimsifu steringi, akiwatania majambazi, akituambia tukae tayari. Waliookoa muvi ile ni msimuliaji na DVD zilizouzwa mitaani.

Nazo ziliuzwa kwa miguu. Waigizaji wenyewe walibeba nakala nyumba kwa nyumba, wakigawana mapato na studio, wakikimbizana na wachapa nakala haramu ambao wangewafikia ndani ya siku chache. Mwaka 2015 walichangisha mtandaoni, wakaomba dola 160, wapenzi wa muvi wakatoa zaidi ya 13,000. Mwaka 2016 Bad Black ilioneshwa kwenye tamasha la Fantastic Fest, Texas. Mwaka 2022 Wakaliga walikuwa miongoni mwa walioalikwa Documenta, maonesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani. Wapo wanaozitazama kazi hizi na kucheka tu, na wapo wanaozisifu kwa sauti ya huruma, ati wamejitahidi kwa hali yao. Mimi nawasifu kwa kipimo cha kawaida cha kazi: pigano linaeleweka, unajua nani yuko wapi, unamtambua adui kwa mwendo wake, na hakuna dakika iliyolala. Muvi nyingi zenye fedha nyingi zinashindwa hapo.

Afrika Mashariki si ngeni kwa muvi za safari na hatari. Howard Hawks alimleta John Wayne Momella, chini ya Mlima Meru, kupiga Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. The African Queen ya mwaka 1951 ilipigwa Kongo na Uganda, ikitokana na riwaya ya C. S. Forester kuhusu boti dogo linaloiendea meli ya kivita ya Wajerumani ziwani. Watu hupenda kuihusisha riwaya hiyo na Ziwa Tanganyika na meli tunayoiita leo Liemba. Katika muvi hizo mwenyeji alibeba mizigo na kuonesha njia, au alionekana kwa mbali akipiga makasia.

Lakini pwani ya Nyasa ina kisa chake, na hapa ndipo hamu yangu ilipo. Shuka kutoka Mbinga kwa lami ya kilometa 66 hadi Mbamba Bay, kisha fuata ufuko kwenda kaskazini hadi Liuli, katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Bandarini kuna jabali ambalo Wajerumani waliliona linafanana na sanamu ya Misri, wakapaita Sphinxhafen. Agosti 13, 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni wake, Berndt, alikuwa rafiki wa kinywaji wa Kapteni Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen, iliyotoka ng'ambo, Nyasaland. Rhoades alikuwa na habari kwamba vita imeanza. Berndt hakuwa nayo. Gwendolen ikaingia bandarini na kufyatua mzinga. Makombora ya kwanza yakakosa. Berndt akapanda mtumbwi mdogo, akapiga makasia kwa hasira kwenda kumuuliza mwenzake kama amelewa, akaambiwa kuna vita na yeye sasa ni mateka.

Tukio hilo lina kila kitu ambacho kibanda kinadai: urafiki, usaliti, mzinga, maji. Ninavyoona, linafaa zaidi kwa mikono ya Wakaliga kuliko ya Hollywood, na tunao vijana wenye simu nzuri na kompyuta za mtumba wanaoweza kulianza kesho. Askari tunao. Ngoma ya mganda ya huku, ya wanaume waliovaa nadhifu wakipanga safu na kugeuka kwa pamoja nyuma ya ngoma kubwa, ilizaliwa kutokana na gwaride la wakoloni. Kundi moja la mganda likivalishwa kofia linakuwa kikosi bila mwezi wa mazoezi. Meli haihitaji kuelea, maana ya Wajerumani ilikuwa nchi kavu siku hiyo. Fundi wa kuchomelea wa Mbinga mjini anaweza kutengeneza upande mmoja tu, ule unaoangalia ziwa, na mbao za boti la dagaa zikamaliza kazi. Gwendolen ingehitaji sitaha, mzinga na moshi. Vingine viwe vya kompyuta.

Kigumu ni steringi. Vitabu vimetunza majina ya makapteni wawili, lakini ndani ya Gwendolen kulikuwa na mabaharia Waafrika waliolisha moto tanuri, na Liuli kulikuwa na mafundi na vibarua walioinua nyundo asubuhi ile wakasikia mlio. Wenye ndugu ng'ambo hii na ng'ambo ile walikuwa wengi, ziwa halijawahi kuwa ukuta kwa Wanyasa. Ningempa steringi kazi ya kugonga misumari ya ile meli, na ndugu yake ningemweka kwenye tanuri la Gwendolen.

Na ratiba ipangwe na mtu wa ufukweni. Agosti ni wakati wa mwera, upepo wa kusini, na mchana mawimbi ya Nyasa huinua mtumbwi mdogo mpaka mpigapicha asione kitu. Tukio la Berndt na makasia yake lipigwe alfajiri, na mwigizaji awe mvuvi, anayejua kugeuza mtumbwi kwa kasia moja akiwa amesimama, anapiga kelele. Siku mbili kabla ya kamera kufika, aende na msimuliaji wakalifanye jambo lile majini mara kadhaa, mmoja akipiga makasia, mwingine akihesabu kwa sauti sekunde ngapi zinabaki za kusema.