Malena Hakualikwa Mezani

Nimetazama Alice Adams mara tatu sasa, na mara zote nimecheka palepale: kwenye chakula cha jioni. Mara ya tatu nikajiuliza, kwani namcheka nani hasa?

Filamu ilitoka 1935, George Stevens akiiongoza, kutokana na riwaya ya Booth Tarkington. Katharine Hepburn ni Alice, msichana aliye kwenye msoto lakini anataka kuonekana wa kishua. Anaenda dansi ya matajiri na gauni la zamani na maua aliyojichumia mwenyewe. Huko anakutana na Arthur, kijana wa pesa, na uongo unaanza.

Siku Arthur anapoalikwa nyumbani, familia inamkodi Malena, mwanamke Mweusi, awahudumie jioni hiyo moja ili waonekane wamezoea kuwa na mfanyakazi. Joto ni la kuchoma, supu nayo ya moto. Malena anatafuna chingamu, kofia yake inateleza, na Alice anatamani ardhi ipasuke immeze. Tunacheka. Lakini angalia vizuri: Malena amewekwa pale kama lile gauni na yale maua, pambo la kuficha umaskini. Tofauti ni kwamba gauni halina macho. Hattie McDaniel anamchezesha Malena taratibu, uso umechoka, na macho yake yanaona kila kitu. Wenyeji wanahangaika kuigiza utajiri. Yeye wala hashughuliki. Kwangu, huo ndio uigizaji bora kwenye filamu nzima, na umepewa dakika chache tu.

Kuna mahali pengine panaponisumbua zaidi. Kwenye dansi, Walter, kaka yake Alice, anakutwa akicheza kamari ya dadu na wafanyakazi Weusi, na Alice anaona aibu. Yaani kipimo cha kuanguka chini ni kukaa na watu kama Malena.

Utasema, si ndio zilikuwa zama zao? Sawa, lakini vichekesho hivi vya mapenzi vilijengwa juu ya ahadi moja: mapenzi yanaruka ukuta wa tabaka. Katika It Happened One Night (1934), binti wa milionea anampenda mwanahabari asiye na kitu. Ukuta unarukwa, ila kila anayeuruka ni mzungu. Na hiyo haikuwa bahati mbaya. Kanuni za maadili za studio, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zilikataza mapenzi kati ya Weusi na wazungu kwenye skrini. Ngazi iliondolewa kabla hata hadithi haijaandikwa.

Riwaya inamwacha Alice bila Arthur, akienda kusomea kazi ya ofisi. Filamu inampa Arthur. Alice ameomoka. Malena hana mchumba, hana nyumba, hana hadithi.

Mwaka 1940 McDaniel alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa kucheza mtumishi katika Gone with the Wind. Usiku huo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake.

Itazame Alice Adams, ni filamu nzuri kweli. Cheka pia. Ila Malena akiingia na sahani, usimwangalie Alice. Mwangalie yeye.