Mekatilili katika Kamusi Elezo

Kamusi elezo isemapo kwamba Mekatilili wa Menza "alichochea uasi" mwaka 1913, imekwisha kutoa hukumu, kwani neno uasi huchukulia kuwa utawala uliokuwapo ulikuwa halali. Kitenzi kifaacho ni aliongoza: aliwaapisha Wagiriama wasiwape Waingereza kodi wala vijana wa kazi. Hata hivyo, sifa nazo zina mipaka. Wanje wa Mwadorikola, aliyekamatwa na kuhamishwa pamoja naye, asisahauliwe. Na vita vya 1914 vilikuwa vya wengi. Kisa cha kumpiga kofi Champion, ofisa wa Kiingereza, kiandikwe kuwa ni masimulizi. Msomaji wa Mariakani aliyekisikia kwa wazee wake hatapungukiwa na kitu. Atatambua lipi limeandikwa na lipi limesimuliwa.