Kinu Kisichosaga: Maoni juu ya Jina la Kinu katika Picha, Vitabu na Biashara

Mwaka mmoja tulipokuwa tukifundisha darasa la wavulana wakubwa, tuliwasimulia habari za Don Quixote, yule bwana wa Uhispania aliyepanda farasi wake mkondefu akavishambulia vinu vya upepo kwa mkuki. Tulipokwisha tuliwaagiza wachore waliyoyasikia. Mwanafunzi mmoja alituletea picha ya kinu cha mti, kinu kile kile cha nyumbani kwao, na mchi ukirushwa juu na upepo. Kando yake mama ameshika ungo, na mbele yao farasi aja mbio. Wenzake walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Jioni tulipoitazama picha ile tena, kicheko kilitutoka. Kosa lilikuwa letu: tulimpa mtoto jina la kitu tusimpe kazi yake.

Wasomaji wetu wajua ya kuwa katika lugha yetu kutwanga ni kazi moja na kusaga ni kazi nyingine. Hutwanga mtu kwa mchi ndani ya kinu, ili mpunga utoke makapi au mahindi yatoke kumvi. Husaga kwa mawe mawili, moja juu ya jingine, ili nafaka iwe unga. Hata hivyo watu wa pwani waliliacha neno kinu litembee. Mtambo wa kushindikia ufuta, uliozungushwa na ngamia aliyefungwa macho katika miji kama Lamu na Unguja, uliitwa kinu cha mafuta; ulipokuja mtambo wa mvuke, ukaitwa kinu cha moshi; na siku hizi twasikia redioni habari za kinu cha nyuklia, kitu kisichotwanga wala kusaga. Hatulaumu jambo hili, maana lugha iliyo hai hukopesha majina yake. Lakini jina likisafiri mbali na kazi yake, yampasa mwalimu aulize ni kitu gani kilichoachwa njiani. Hilo ndilo swali tutakalo kulichungua hapa, na tutalichungua kwa kutazama kazi chache za watu wa Ulaya na Marekani, kwa kuwa huko jina la kinu limesafiri mbali kuliko kwetu.

Tuanze na Cervantes, ambaye sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilitoka mwaka 1605. Wengi humcheka Don Quixote tu, wakamsahau mtumishi wake Sancho. Bwana asema kwamba yale ni majitu yenye mikono mirefu; mtumishi amjibu kuwa kile akionacho mikono ni matanga, ambayo yakizungushwa na upepo huliendesha jiwe la kusagia. Maneno hayo machache ndiyo yanayokibeba kichekesho chote. Msomaji asiyejua ya kuwa ndani ya kila jitu mna jiwe na nafaka ya watu hauoni upumbavu wa yule bwana. Aona vita tu. Cervantes hakuhitaji kukisifu kinu. Alimweka karibu mtu mmoja ajuaye kazi, ikawa yatosha.

Mtu wa pili ajuaye kazi ni Abram Constable, msagaji wa Suffolk katika Uingereza, nduguye mchoraji John Constable. Baba yao alikuwa na kinu cha maji huko Flatford, kando ya mto Stour, tena na kinu cha upepo huko East Bergholt. John, aliyezaliwa mwaka 1776, alifanya kazi katika kinu cha upepo muda wa kama mwaka mmoja kabla ya kuruhusiwa kwenda kujifunza uchoraji, naye alichonga katika ubao wa kinu kile jina lake na mwaka 1792. Imesimuliwa ya kuwa Abram alisema kwamba akikitazama kinu kilichochorwa na John huona kuwa kitazunguka, na kwamba vinu vya wachoraji wengine si hivyo sikuzote.

Twaiona sifa hiyo kuwa kubwa kuliko sifa nyingi za wataalamu. Msagaji wa upepo huitazama mbingu kabla ya kuutazama mtambo wake. Upepo ukigeuka, naye hana budi kukigeuza kinu kiuelekee. Dhoruba ikija, hupunguza nguo za matanga, kama nahodha apunguzavyo tanga la jahazi, la sivyo kinu chaweza kushindwa kuzuilika hata kikawaka moto kwa msuguano. Ndiyo sababu mawingu ya Constable si pambo la picha. Na hata asipotuonyesha gurudumu wala jiwe, kazi imo. Katika picha yake ya Kinu cha Flatford ya miaka 1816 na 1817, kinu chenyewe ki nyuma. Mbele yetu yuko mvulana juu ya farasi mkubwa, mwingine ashughulika na kamba, na mashua pana zangoja kupita chini ya daraja. Tukijua kwamba unga ulishuka kwa mashua kama hizo mpaka Mistley, ukasafirishwa London, twaona ya kuwa mto, farasi, watoto na jumba ni mtambo mmoja. Basi na tukichukue kipimo cha Abram, tuulize mbele ya kila kinu: Je, kitazunguka?

Mwana mwingine wa msagaji alikuwa Rembrandt, aliyezaliwa Leiden katika Uholanzi mwaka 1606. Kinu cha kimea cha jamaa yake kilikuwa karibu na mto Rhine, na jina lao, van Rijn, lauhusu mto huo. Picha yake iitwayo Kinu, ambayo hukadiriwa kuwa ya miaka ya 1645 hata 1648, imo katika Jumba la Taifa la Sanaa huko Washington. Kinu kimesimama juu ya boma, cheusi mbele ya mbingu yenye mwanga, na matanga yake yamenyoshwa juu ya maji. Wengi wamesifu ukuu na huzuni yake, nasi twakubali. Walakini lipo jambo moja tuliangalie. Hapa kinu chaanza kuwa alama: mtazamaji huifikiri saa ya mwisho wa siku, au upweke, kabla ya kuufikiri unga. Picha yaokolewa, kwa maoni yetu, na watu wadogo walio chini yake, mwanamke afuaye ukingoni na mtu apigaye kasia. Hao hawajui kwamba wamo katika jambo kuu. Wana kazi ya kumaliza kabla ya giza.

Toka alama hata jina tupu ni hatua moja, nayo hatua hiyo twaiona waziwazi katika Paris. Juu ya kilima cha Montmartre palikuwa na vinu vingi vya upepo. Kimoja, kilichojengwa mwaka 1622, kilikuja kuwa mali ya jamaa ya Debray, nao waliuza mkate mdogo uitwao galette. Watu wa mjini walipanda Jumapili kula mkate ule na kunywa, hatimaye pakawa mahali pa kucheza, pakaitwa Moulin de la Galette, yaani kinu cha ule mkate. Mwaka 1876 Renoir alichora ngoma ya hapo, na picha yake yatazamwa leo katika Musée d'Orsay. Ni picha ya furaha ya kweli: nuru yapenya katika majani ya miti na kuangukia mabega ya vijana. Lakini kinu hakimo. Jina lake tu ndilo lililobaki. Hatumlaumu Renoir, kwa kuwa jina lile lilizaliwa na mkate, na mkate na unga. Ukoo wake wajulikana.

Tarehe 6 Oktoba 1889, chini ya kilima kile kile, Joseph Oller na Charles Zidler walifungua jumba la starehe, wakajenga mbele yake kinu chekundu, nalo likaitwa Moulin Rouge. Kinu hicho hakikupata kusaga hata kibaba kimoja. Mwaka 1891 Toulouse-Lautrec alilichorea tangazo, na picha ile ya mchezaji na vivuli vya watazamaji ikalifanya jina lijulikane kuliko vinu vyote vya kweli vya Ufaransa. Tangazo lile ni kazi ya ustadi mkubwa. Wachezaji nao walitoka jasho kama msagaji yeyote, wala hatusemi ya kwamba kuchezesha watu si kazi. Twasema juu ya kinu tu. Kwa kipimo cha Abram, kinu chekundu chafaulu, maana chazunguka. Hapo ndipo tulipotambua kwamba kipimo chenyewe chapungua, na yatupasa tukiongeze: Kikizunguka, chamsagia nani? Mwezi wa Aprili 2024 matanga ya kinu kile yalianguka usiku. Habari ilienea ulimwenguni, na kabla ya miezi mitatu kupita matanga mapya yalikuwa yamewekwa. Siku zile zote hapana nyumba iliyokosa unga.

Waingereza walilipeleka jina kwa njia nyingine. Mwaka 1771 Richard Arkwright alianza kujenga huko Cromford nyumba ya kusokota nyuzi za pamba kwa nguvu ya gurudumu la maji. Kwa kuwa gurudumu lilikuwa lile lile la wasagaji, jina nalo likafuata, hata kila kiwanda cha nguo kikaitwa ‘mill’, ijapokuwa hakuna jiwe ndani yake. Mchoraji L. S. Lowry, katika picha yake ya mwaka 1930 ya watu watokao kiwandani, aligeuza utaratibu wa Renoir: kiwanda kimo, kikubwa, na mbele yake watu wengi wembamba waenda nyumbani wameinama. Nyuso zao hazionekani vema, na wako waliomlaumu kwa hilo. Sisi twaona kwamba alikuwa akijibu swali letu la pili. Atuonyesha ni nani aliyesagwa.

Biashara nayo yataka hukumu. Katika mji wa Minneapolis, Marekani, penye maporomoko ya mto Mississippi, kilisimama kinu kikubwa cha Washburn. Tarehe 2 Mei 1878 vumbi la unga lililokuwa hewani lilishika moto, jumba likapasuka, watu 18 wakafa. Kinu kilijengwa upya chenye mitambo ya kuondoa vumbi. Mwaka 1880 unga wa kampuni ulipata nishani ya dhahabu katika maonyesho, nayo ikawa jina lake sokoni. Mwaka 1921 kampuni ilimbuni mwanamke, Betty Crocker, ili barua za kina mama waliouliza mambo ya mapishi zijibiwe kwa jina lake. Mwaka 1924 ikakipa kituo cha redio herufi za jina lake yenyewe, WCCO. Na mwaka 1928 ikaungana na wasagaji wengine, wakajiita General Mills. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa methali yahitaji kupimwa, maana unga ule ulikuwa mwema, na bado ulitembezwa kwa nguvu. Hatuoni uongo katika jina General Mills. Lilitoka katika vinu vya kweli. Linalotusumbua ni hili: mwanamke asiyepata kuzaliwa ajulikana katika nyumba nyingi za Marekani, na wale 18 wajulikana na wachache. Haki yataka tuseme pia kwamba hawakusahauliwa kabisa: wana nguzo yao ya ukumbusho katika makaburi ya Lakewood, na magofu ya kinu, kilichofungwa mwaka 1965 na kuungua mwaka 1991, yamekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka 2003.

Tumesema mengi ya mbali. Sasa turudi darasani. Twashauri mambo matatu. Kwanza, tusilitupe neno kinu, bali tusiliache peke yake: tuseme kinu cha upepo au kinu cha maji, na kitenzi kusaga kisikawie kufuata. Pili, kinapotajwa kiwanda cha nguo, tukiite kiwanda, hata kama Mwingereza akiita kwa jina la kinu; na jina la ukoo kama Mills, ambalo twaliona juu ya vitabu vya hadithi za mapenzi vya kampuni ya Mills & Boon iliyoanzishwa mwaka 1908, ni jina la mtu, halitafsiriwi. Tatu, tuwazoeze wanafunzi kuuliza yale maswali mawili mbele ya picha, kitabu au tangazo: chazungukaje, na chamsagia nani? Torati, ilipokataza kulichukua rehani jiwe la kusagia, ilieleza kwamba kufanya hivyo ni kuuchukua uhai wa mtu. Mtunga sheria yule alijibu swali la pili kabla hatujaliuliza.

Picha ya yule mwanafunzi twaiweka hata leo. Kinu chake kisingalizunguka kamwe, na Abram Constable angalitikisa kichwa. Lakini tukiitazama vema twaona jambo ambalo hatukumfundisha: katika ungo wa mama yule amechora vitone vingi vidogo, akavifanyia kazi kwa bidii kuliko farasi. Ni chenga za mahindi. Wakati ule tulimpa alama nne katika kumi. Kama tungaliisahihisha leo, tungalianza na ungo.