Kuipima Filamu Isiyofuata Njia

Katika ratiba ya tamasha lolote la filamu la ukanda wetu hapakosi filamu moja inayowagawa watu. Wengine huinuka na kuondoka kabla haijafika katikati. Wengine huipigia makofi kwa kuogopa kuonekana washamba. Wote wana kosa moja: wameihukumu kwa ugeni wake, na ugeni peke yake si sifa wala si kasoro. Filamu ya kawaida hukopa sheria ambazo mtazamaji anazijua tangu utotoni. Ya majaribio hujitungia zake. Kazi ya mpimaji ni kuuliza: je, imenifundisha sheria hizo, na yenyewe imezitii hadi mwisho?

Yafuatayo ni mambo ya kukagua, iwe umeketi Ngome Kongwe ya Unguja msimu wa ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar linaloonyesha filamu tangu 1998, au kwenye ukumbi mdogo wa Nairobi au Kampala.

Anza na masikio

Pesa zikiwa chache, sauti ndiyo huumia kwanza. Siku hizi hata simu hutoa picha safi, lakini mtu wa sauti, maikrofoni ya kufaa na siku za kuchanganya sauti ndivyo hupigwa panga kwenye bajeti. Kwa hiyo fumba macho kwa dakika moja. Ukisikia upepo unaokwaruza, mwangwi wa chumba unaobadilika kila kamera inapohama, na kinanda kinacholia kukuamuru uhuzunike, huo ni uzembe.

Ukisikia sauti inayopingana na picha kwa makusudi, hapo kuna fundi. Katika *Touki Bouki* (1973) ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, wimbo wa Josephine Baker wa kuisifu Paris unarudi tena na tena, huku vijana wawili wa Dakar wakihangaika kutafuta nauli ya kwenda huko. Kila unaporudi, utamu wake unapungua na kejeli inaongezeka. Hakuna mhusika anayeisema hoja hiyo. Sauti imekwisha kuisema.

Kila picha ilipe kodi yake

Milima ya Lesotho ingemshawishi mpiga picha yeyote aitanue fremu. Lemohang Jeremiah Mosese, katika *This Is Not a Burial, It's a Resurrection* (2019), ameibana ikawa karibu na mraba. Mjane Mantoa, aliyeigizwa na Mary Twala, anaishi katika kijiji kinachotakiwa kuhama ili bonde lizamishwe na bwawa, na fremu yenyewe inamzingira pande zote kabla maji hayajafika.

Kipimo chake ni rahisi: badilisha uamuzi huo kichwani mwako, uone filamu itapoteza nini. Ikiwa haipotezi kitu, ulikuwa urembo tu. Kipimo hiki kitaangusha picha nyingi za droni zinazopaa juu ya minazi na bahari ya buluu bila kazi yoyote.

Usiuonee huruma umaskini wa bajeti

Kosa la wapenda sanaa ni kudhani picha chafu ni ushahidi wa moyo safi. Angalia uchache umetumiwaje. *Neptune Frost* (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman ilipigwa Rwanda, na hadithi yake ni ya Burundi, ya wachimba koltani na wadukuzi. Mavazi na mandhari yake yametungwa kwa nyaya na vipande vya kompyuta zilizotupwa, yaani mabaki ya vifaa vilevile vinavyotengenezwa kwa madini wanayochimba wahusika. Vazi limekuwa hoja.

Mfano wa pili unatoka Wakaliga, Kampala. *Who Killed Captain Alex?* (2010) ya Nabwana I.G.G. ina bunduki za vyuma chakavu, na juu ya mapigano yake VJ Emmie anatangaza, anatania na kuwachochea watazamaji. Filamu haifichi uchache wake, inaucheza. Aliyekulia kwenye kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, akimsikiliza DJ Lufufu akitafsiri filamu za kigeni hahitaji shahada kuielewa mbinu hii: amekwisha kuizoea sauti iliyopandishwa juu ya picha, inayofafanua, inayodhihaki na wakati mwingine inayotunga hadithi upya.

Muda: nani anafanya kazi?

Shoti ndefu ndiyo maficho makuu ya wavivu. Kamera ikitulia dakika tatu juu ya mlango, tafuta kinachobadilika: mwanga, pumzi ya mtu, au angalau ulichokuwa ukikifikiria mwanzoni. Kisipobadilika chochote, mwongozaji amekuachia kazi yake uifanye wewe.

Heshimu pia wanaojua kufupisha. *Kati Kati* (2016) ya Mbithi Masya wa Kenya inaanza na Kaleche akizinduka porini bila kumbukumbu, kisha akafika kwenye loji ambayo wakazi wake ni wafu. Masya hatoi mhadhara juu ya kanuni za mahali pale. Anaziacha zijitokeze kidogo kidogo kupitia wahusika, na dakika 75 zinamtosha.

Tumia Kiswahili chako

Hapa una silaha ambayo jaji anayesoma maandishi chini ya picha hana. *Vuta N'kuvute* (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inaturudisha Unguja ya miaka ya 1950. Usiipime kwa kuhesabu sura za kitabu zilizoachwa. Sikiliza kama watu wanazungumza kwa lafudhi ya mtaa wao, kama wanasalimiana kabla ya kugombana, kama wanakatizana.

Mazungumzo yaliyoandikwa kwa lugha nyingine kisha yakafasiriwa hujulikana upesi: kila sentensi imekamilika, na kila mtu anaeleza anavyojisikia. Dalili mbaya zaidi ni bibi anayemweleza mjukuu wake mila ambayo mjukuu huyo amezaliwa ndani yake. Hapo anayeelezwa ni mfadhili.

Makosa yasiyo ya filamu

Ngome Kongwe haina paa. Adhana itaingia, upepo utavuma, na katika onyesho la mapema mwanga wa jioni utameza picha za giza. Keti katikati, mbali kidogo na spika, na usimtoze mwongozaji deni la projekta. Picha ikionekana imefifia katika filamu zote za usiku ule, tatizo liko kwenye mtambo.

Baada ya taa kuwaka

Mwongozaji akipanda jukwaani, usimuulize ujumbe wake ni nini. Muulize alikata nini wakati wa uhariri, na kwa nini. Aliyejua anachokifanya atakutajia tukio alilolipenda na sababu iliyomfanya alitoe. Asiyejua atarudi kwenye ujumbe.

Ukibaki na shaka, itafute filamu hiyo uitazame mara ya pili. Nzuri huwa nyepesi, kwa sababu sheria zake sasa unazijua na unaona zinavyofanya kazi tangu shoti ya kwanza. Mbovu hurefuka, kwa kuwa ugeni umekwisha na hakuna kilichobaki.