Vita ndani ya kioo cha jicho

Konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni, una unene wa karibu nusu milimita na hauna hata mshipa mmoja wa damu. Nyuzi zake za kolajeni zimepangwa kwa nafasi zilizo sawa mno, ndiyo maana mwanga hupita. Mpangilio huo ukivurugika, mtu huona ukungu.

Sasa mtu amelala na lenzi machoni. Mkwaruzo mdogo tu, na bakteria aina ya Pseudomonas aeruginosa wamepata mlango. Machozi yana lisozimu, kimeng'enya alichokieleza Alexander Fleming mwaka 1922, lakini ganda la nje la bakteria hawa huwakinga nacho. Seli za konea huwatambua kwa ganda hilohilo, kisha humwaga kemikali za kuomba msaada.

Wito hufika ukingoni, pale konea inapokutana na weupe wa jicho, maana mishipa ya damu huishia hapo. Nyutrofili, seli nyeupe iliyokuwa ikisombwa na damu, hunasa ukutani mwa mshipa. Hubiringika polepole. Husimama. Kisha hujipenyeza kati ya seli za ukuta, na kiini chake, kilichogawanyika vipande vilivyoshikana kwa uzi mwembamba, hujipinda kufuata upenyo. Kutoka hapo hutambaa katikati ya matabaka ya kolajeni, ikielekea kila mara pale kemikali ilipokolea zaidi. Haina macho wala ubongo, na bado haipotei! Sijui kazi ya mikono iliyo nadhifu kuliko hiyo.

Ikifika, humeza bakteria na kuwaulia tumboni mwake. Nyingine hutema DNA yake yenyewe ikawa wavu, jambo lililotangazwa na watafiti wa Berlin mwaka 2004. Katika macho ya panya, nyavu hizo zimeonekana zikiwazuia Pseudomonas wasipenye hadi ubongoni.

Ila vimeng'enya vya nyutrofili hula kolajeni pia. Kwa hiyo ustadi mkubwa zaidi, kwangu, ni kuacha: ikimaliza kazi nyutrofili hujifia, makrofaji, seli nyingine ya kinga, huimeza kabla haijapasuka, na kutoa kemikali za kutuliza. Kuacha kukichelewa, hubaki chamba cheupe. Daktari anayeagiza matone ya antibiotiki kila saa, hata usiku, anaisaidia kazi hiyo: bakteria wakipungua mapema, nyutrofili chache zaidi huitwa.