Udhaifu wa Muswada katika Filamu ya Die weiße Massai (2005): Uhakiki wa Mhusika Lemalian
Filamu hii ya Kijerumani, iliyoongozwa na Hermine Huntgeburth, inamhusu Carola, Mswisi anayeolewa na Lemalian, Msamburu wa Kenya. Uigizaji wa Nina Hoss na Jacky Ido ni imara. Udhaifu umo katika muswada. Lemalian anapowakopesha jamaa zake bidhaa za duka la mkewe, tukio linasawiriwa kama hasara ya biashara tu. Kwa macho na ukimya, Ido anadhihirisha mtu aliyebanwa kati ya mke na ukoo, lakini muswada haumpi kauli ya kueleza wajibu huo. Hivyo hasira yake ya baadaye inaonekana haina chanzo. Kwa wazungumzaji wa Kimaa, wakiwamo wa Piyaya wilayani Ngorongoro, pengo hilo si la kiufundi pekee: linamfanya ndugu yao wa lugha aogopwe kabla ya kueleweka.