Utulivu Hauandiki Riwaya

Siku hizi kuna ugonjwa umetuingia sisi vijana tunaojiita waandishi chipukizi. Ukimwuliza mtu riwaya yake imefikia wapi, hakwambii sura ya ngapi. Anakwambia, "Nikipata sehemu tulivu tu, naimaliza." Sehemu tulivu! Wa Dar anasema akifika Bagamoyo. Wa Korogwe anatazama juu milimani, anasema akipata hata wiki moja Lushoto. Na wale wenye simu nzuri wamekwenda mbali zaidi. Wameona picha za mabonde ya milimani kule Italia: nyumba ya mawe, meza chini ya mzabibu, kalamu juu ya meza, na tangazo linalokukaribisha uje uandikie hapo.

Kwetu sisi jambo hili si porojo za kijiweni tu. Tuko vijana saba, wengine wa Korogwe, wengine wa Handeni, tunaoandika na kusomeana. Tuna mchango wetu mdogo kwa mweka hazina, umechukua mwaka mzima kufika hapo ulipofika. Nusu ya kundi wanataka tupande Lushoto tufanye kambi ya waandishi kama wenzetu wa ng'ambo. Nusu wanasema pesa hiyo iende steshenari ikatoe kopi za miswada. Mimi nina upande wangu na nitausema. Ila kwanza tuihakiki hiyo kambi kama tunavyohakiki kitabu. Nani kaitunga? Kamtungia nani? Imezaa nini?

Tuanze na hao Waitalia. Kambi zao ziko za namna mbili, na vijana wengi wanazichanganya. Kuna zile za kuchaguliwa. Pale Bellagio, juu ya Ziwa Como, Wakfu wa Rockefeller ulipewa jumba la Villa Serbelloni mwaka 1959, na tangu hapo umekuwa ukiwakalisha wataalamu, wasanii na waandishi. Kule Umbria lipo kasri la Civitella Ranieri, ambalo limepokea wasanii na waandishi tangu 1995. Huko huendi kwa nauli na begi tu. Unaombea nafasi, na wanaangalia umekwisha kufanya nini.

Namna ya pili ni ya kulipia. Mtu ana nyumba yake bondeni, anaikarabati, anaweka vitanda na meza, anamwita mwalimu wa uandishi, anatangaza wiki moja ya kujitafuta. Ukilipa unakaribishwa. Sisemi ni dhambi. Ni biashara kama gesti yoyote ya Manundu, tofauti ni mandhari na bei. Lakini jiulize, ndugu msomaji, ule utulivu unaouzwa pale umetoka wapi? Katika mabonde mengi ya milima ya Italia vijana walishuka kwenda viwandani na mijini, wengine wakavuka bahari. Shule zikafungwa, wazee wakabaki na mbwa wao, nyumba zikabaki na kufuli. Ndiyo maana kuna kimya. Ni kimya cha kijiji kilichohamwa, na mgeni anakilipia kama vile ni zao la shamba.

Sasa chukua picha hiyo uilete Usambara. Hapana, haikai. Ukitoka Mombo ukaanza kupanda zile kona za Soni, kila tuta lina mtu, kila bonde lina bustani ya kabichi. Alfajiri adhana na kengele zinapokezana. Watoto wanapiga kelele njia nzima kwenda shule, akina mama wanateremka na mizigo kichwani, redio inaimba dukani. Milima yetu haina kimya cha kuuza, na siku itakapokuwa nacho itabidi tulie. Atakayefungua kambi kule kwa kufuata ile picha ya Italia itambidi awaambie watoto wa jirani wanyamaze kwa sababu kuna mwandishi anafikiri. Mimi nisingependa kuwa huyo mwandishi.

Hata hivyo siko upande wa wanaosema kambi ni upuuzi mtupu. Wakatoliki wanalo neno zuri, mafungo. Na kwa bahati mfano mmoja wa mafungo unaunganisha hayohayo mabonde ya Italia na mkoa wetu. Mwaka 1828, wakati wa Kwaresima, padri mmoja jina lake Antonio Rosmini alipanda kilima cha Kalvario, juu ya mji wa Domodossola, kaskazini mwa Italia, katikati ya milima ya Alpi. Majengo yalikuwa mabovu na baridi ilikuwa kali. Akakaa huko akifunga na kuandika kanuni za shirika alilotaka kulianzisha. Watu wa shirika hilohilo ndio waliofika Tanga katika miaka ya 1940, na askofu wa kwanza wa Kanisa Katoliki Tanga, Eugene Arthurs, alikuwa mmoja wao.

Angalia hapo. Rosmini hakupanda mlima kwenda kuona kama kuna wazo litamjia. Alipanda na kazi mkononi. Alikuwa amekwisha kuifikiria na kuizungumza na wenzake, na Kwaresima yenyewe ina mwisho wake. Hivyo alikuwa na kazi, alikuwa na muda, na kulikuwa na watu wanaongoja maandishi yale. Kilima kilimpa nafasi ya kukaa tu.

Mfano wa pili ni wa nyumbani zaidi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliimalizia riwaya yake ya Petals of Blood katika nyumba ya waandishi wa Urusi ya Kisovieti kule Yalta, kando ya Bahari Nyeusi. Wapenzi wa kambi hupenda kuutaja mfano huu. Basi wasome na ukurasa wa mwisho. Pale Ngũgĩ ameorodhesha sehemu tatu, Evanston, Limuru na Yalta, na miaka kuanzia 1970 hadi 1975. Miaka mitano, bwana! Alianza Marekani alikokuwa akifundisha, akaubeba muswada mpaka kwao Limuru, na Yalta ikaja mwishoni. Kambi ilimpokea mtu aliyekuwa na riwaya tayari begani. Angefika Yalta na daftari tupu angeondoka na picha za bahari.

Kuna wengine huruka upande wa pili kabisa. Wanakwambia mbona Ngũgĩ huyohuyo aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ gerezani Kamiti mwaka 1978, tena kwenye karatasi za chooni? Mbona Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972? Eti shida ndiyo mwalimu. Hoja hii siipendi hata kidogo. Gereza si kambi, na kuwasifia watesaji kwa kutupatia vitabu ni kukosa adabu kwa walioteswa. Ninachokiona mimi ni kwamba watu hao waliingia wakiwa na la kusema, na walijua wanamwambia nani.

Kumjua unayemwambia. Hapo ndipo penye uzito wote, na kwa hili turudi kwetu kabisa, tena zamani.

Kitabu kikubwa cha kwanza cha nathari kuhusu watu wa upande huu ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Vijana wengi wa Korogwe hawajakiona, nami nawalaumu kidogo. Kinaanza na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu akapita Kilindi, nchi ambayo mpaka mwaka 2002 ilikuwa ndani ya wilaya ya Handeni, na mwishowe akawa mtawala Vuga. (Mbegha naye hakupanda Usambara kutafuta utulivu. Alifukuzwa na ndugu zake.) Mwandishi mwenyewe aliishi kwa Semboja, pale Mazinde, ambapo leo ni wilaya ya Korogwe, katika miaka ile ya vita vilivyofuata kifo cha Kimweri. Wajumbe wanaingia, wajumbe wanatoka, huku baruti, kule njaa. Utulivu hapo uko wapi?

Lakini soma nathari yake uone. Kila jambo linasemwa na mtu. Wazee wanajadiliana, mjumbe anapeleka neno na kurudi na jibu, mke anamwonya mumewe, na wewe msomaji umekaa barazani unasikia. Uzuri wa kitabu kile ni masikio ya aliyekiandika, na masikio hayo yasingejifunza chochote ndani ya nyumba ya mawe yenye kimya. Halafu kuna jambo ambalo wahakiki hawalitaji sana: kitabu kilichapwa vipande vipande kuanzia 1895 na misheni ya Magila, karibu na Muheza. Maana yake ni kwamba karibu na mwandishi kulikuwa na mtambo wa kuchapia, na kulikuwa na watu wanaosubiri kipande kijacho.

Shaaban Robert vilevile. Alikuwa karani wa serikali karibu maisha yake yote ya kazi, kwanza forodhani, baadaye kwenye ofisi nyingine, akihamishwa huku na huku. Hakuna aliyempa wiki moja ya kutafakari. Wachapishaji walipomchelewesha alifanya mpango wake mwenyewe wa kuchapisha palepale Tanga. Sisi leo Korogwe na Handeni tumepungukiwa kuliko yeye, na tunachopungukiwa si mlima. Mlima tunao, tunauona kila siku tukiwa tunangoja gari. Hatuna mtambo, hatuna mhariri, na kusema kweli hatusomani. Muswada wangu wa kwanza ulikaa kwa mchapishaji mmoja wa Dar miaka miwili, ukarudi ukiwa hauna hata alama ya kalamu. Bora angeuchora wote mwekundu.

Sasa zipo kambi zilizoligundua hili. Mwaka 2017 warsha ya Tuzo ya Caine ilifanyika Bagamoyo. Waandishi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikaa pamoja siku kadhaa chini ya waandishi wazoefu, kila mmoja akaandika hadithi fupi, wakasomeana, na mkusanyiko ukachapwa kitabu. Jina la kitabu, The Goddess of Mtwara, limetokana na hadithi ya Mtanzania mwenzetu, Lydia Kasese. Hiyo ndiyo kambi: una siku zilizohesabika, una wasomaji, na mwisho wake kuna kitabu. Lawama yangu ni moja, nayo si kwake yeye. Yote yalifanyika kwa Kiingereza. Bagamoyo, mji ambao Kiswahili kimelala na kuamka humo kwa karne nzima, na anayeandika kwa Kiswahili hana kiti mezani! Kijana wa Handeni mwenye riwaya nzuri ya Kiswahili angepita nje akaambiwa hapo kuna mkutano wa waandishi.

Na tusijidanganye kwamba tukiandaa wenyewe kwa Kiswahili basi mambo yameisha. Warsha tunazijua. Siku ya kwanza ufunguzi wa mgeni rasmi, siku ya pili mada, siku ya tatu posho na picha ya pamoja. Watu wanahudhuria kumi na mbili, wanasaini kumi na tano. Hata hadithi zinazotoka huko zina harufu yake. Zina ukungu, zina bibi kizee mwenye hekima, na kijana anayetazama bonde akikumbuka mapenzi. Nikikutana na ukungu tatu katika mkusanyiko mmoja najua walilala wapi.

Basi nasema hivi. Twende mlimani, lakini kwa sharti. Hakuna kupanda gari bila muswada uliokamilika, hata kama ni mbovu, hata kama ni kurasa sitini za daftari. Kopi zitolewe kabla, kila mmoja abebe muswada wa mwenzake na si wake. Usiku tatu zinatosha. Tukalale katika nyumba ya misheni au bweni la shule wakati wa likizo, tupike wenyewe ugali na maharage. Mchana kila mtu anamsoma mwenzake kwa kalamu, jioni anamwambia ukweli mbele ya wote. Tukirudi, kila muswada una alama na una tarehe ya kupelekwa mahali. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, inapokea miswada, haipokei mandhari.

Hilo nililisema kikaoni, na likapingwa na dada yetu wa Handeni, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye mkono mzuri kuliko sisi sote. Alisema, "Nyinyi kaka zangu mnapanga kulala Lushoto usiku tatu. Mimi nina mtoto wa miaka miwili, na mama akisikia nakwenda kulala mlimani na wanaume sita hanifungulii mlango nikirudi." Tukacheka, yeye hakucheka. Akaendelea, "Riwaya yangu naandika nikisubiri foleni ya maji. Nikipata watu wa kunisomea Jumamosi kutwa hapahapa, jioni nikarudi, mimi nimeshapata kambi."

Sijapata jibu la kumpa. Nikitazama yote niliyoandika hapo juu kuhusu Mazinde na Magila naona yeye ndiye aliyeielewa hoja yangu mpaka mwisho wake. Mchango bado uko kwa mweka hazina. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunakaa Manundu, na safari hii ajenda imeongezwa: kwanza kopi saba za muswada wa dada, zisomwe kabla ya kikao, halafu ndiyo tuzungumze habari ya gari la Lushoto.